Nani aliyeyashusha mawe ya Mulongwe?

Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mto Mulongwe unaoukata mji wa Uvira, ufuoni mwa ziwa Tanganyika nchini Kongo, ni maji ya kuvukwa na mtoto bila kulowesha magoti. Lakini mkondo wenyewe ni mpana kupita kiasi, na umejaa mawe. Yapo ya kushikwa mkononi, yapo ya kubebwa na wanaume wawili, na yapo ambayo hata lori haliwezi kuyavuta. Watu hukaa humo mchana kutwa wakiponda kokoto na kuchekecha mchanga wa kuwauzia wajenzi, na hakuna anayeona ajabu. Ajabu ipo. Maji haya membamba hayana ubavu wa kusogeza hata jiwe la kukalia. Basi nani aliyeyashusha?

Wenyeji wa Uvira wana jibu, na wamelilipia. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, baada ya mvua kubwa kupiga milimani, Mulongwe na mito mingine ya mji iliacha njia zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kufukiwa, madaraja yalikwenda na maji. Mtambo wa shirika la maji, Regideso, ambao huchota maji ya Mulongwe na kuyasafisha kwa ajili ya mji, uliharibika. Watu wakawa wamezungukwa na maji pande zote na hawana ya kunywa, tena katika mji unaokijua kipindupindu vizuri. Kulipokucha, mawe na tope vilikuwa vimelala mahali palipokuwa vyumba vya watu.

Kwa hiyo ni mto. Hata hivyo swali halijaisha, kwa sababu ukimleta mtaalamu wa miamba asiyejua yuko wapi, ukamwonyesha ukuta wa shimo lililochimbwa kando ya Mulongwe, atasita. Ataona mawe makubwa yamechanganyika na madogo, changarawe imeshikana na tope, hakuna tabaka wala mpangilio. Mto wa kawaida haupangi vitu hivyo: maji yanapopungua nguvu huangusha kwanza mawe mazito, kisha changarawe, kisha mchanga, na tope huenda mbali. Mchanganyiko usiochaguliwa namna hii una wazazi wawili wanaojulikana sana. Mmoja ni poromoko la tope na mawe kutoka mlimani. Mwingine ni barafu.

Barafu ya aina hii siyo ya jokofu. Theluji ikianguka mwaka baada ya mwaka mahali ambapo haiyeyuki yote, ya juu huikandamiza ya chini, hewa inatoka, na mwishowe inakuwa gimba gumu la barafu. Likinenepa vya kutosha, uzito wake wenyewe hulifanya lianze kushuka mteremko, polepole mno, pengine kwa sentimita chache tu kwa siku. Walimu wa jiografia huliita barafuto, yaani mto wa barafu. Mwendo wake ni wa kobe, lakini nguvu yake mto wa maji hauna. Maji yanayoyeyuka chini yake huingia katika nyufa za mwamba, yanaganda tena, yanapanuka na kung'oa vipande. Vipande hivyo hunaswa kwenye tumbo la barafu na kugeuka msasa: kila barafuto linavyosonga, mawe yake yanakwaruza mwamba wa chini, nayo yenyewe yanachongwa upande mmoja hadi yanakuwa bapa. Unga wa mawe yaliyosagwa huyageuza maji yatokayo chini yake kuwa na rangi ya maziwa.

Bonde lililopitiwa na barafuto halifanani na bonde la mto. Mto hukata chini kama shoka, pande mbili zikaegemeana na kukutana kwenye maji. Barafuto hujaza bonde zima kutoka ukuta hadi ukuta, likakwangua kando na chini kwa pamoja. Likiisha kuyeyuka linaacha bonde pana lenye sakafu bapa na kuta zilizosimama. Kule juu lilikoanzia hubaki shimo la duara ubavuni mwa mlima, ambalo mara nyingi huwa ziwa dogo. Na kule chini lilikokomea hubaki tuta la mawe na tope, moreni, kwa kuwa barafu haichagui mzigo: inashusha yote mahali inapokufa.

Shuleni tulifundishwa mambo haya kwa picha za milima ya Uswisi. Sijui kwa nini, maana mlima wa kufundishia tunao wenyewe. Mtu wa Uvira akipanda kaskazini, apite Bukavu, Goma na Beni, atafika Mutwanga, mguuni mwa Ruwenzori. Kutoka hapo njia ya upande wa Kongo inapita msituni, inaingia katika mianzi, kisha katika ile mimea ya ajabu ya mlimani ambayo kwingine ni majani na huku ni miti, hadi kwenye maziwa ambayo Wabelgiji waliyapa majina ya rangi: Lac Noir, Lac Vert, Lac Gris. Yamelala katika mabonde yaliyochimbwa na barafu. Juu yake kuna kilele cha Margherita, mita 5,109, ambacho Kongo inagawana na Uganda.

Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Kiitaliano, alipopanda Margherita Juni 1906 na kuipima milima hiyo, barafu ya Ruwenzori ilikuwa takriban kilomita za mraba 6.5. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba, na imeendelea kupungua. Vilele kadhaa vilivyokuwa vyeupe wakati wa Mtaliano huyo leo ni mwamba mtupu, na ni kwenye mwamba huo ambapo kazi ya barafu inaonekana waziwazi: uso uliong'arishwa, mikwaruzo inayokwenda sambamba, mawe makubwa yaliyoachwa peke yake mahali pasipohusika.

La kushangaza zaidi liko chini. Upande wa Uganda, katika bonde la Mubuku, kuna matuta makubwa ya moreni karibu na ziwa Mahoma, yanayoteremka hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Leo pale ni msitu, na mtu anatoa jasho. Maana yake ni kwamba miaka takriban 20,000 iliyopita, enzi dunia ilipokuwa na baridi kali, barafu ya Ruwenzori ilishuka hadi huko. Mlima Kenya una ushahidi wa namna hiyo hiyo. Bonde la Teleki, ambalo wapandaji wengi hupitia, lilichongwa hivyo.

Sasa turudi Uvira na kesi yetu. Je, barafu hiyo ilifika hapa? Hapana. Ufuo wa Tanganyika uko kwenye mita 773 hivi, na milima ya Mitumba inayousimamia mji, pamoja na Itombwe nyuma yake ambako mlima Mohi unafika mita 3,475, haikuwa na vilele vya mita 5,000 vya kulisha barafuto la kushuka mbali. Mabonde yanayotoka juu ya mji ni membamba, yamekatwa na maji. Chukua jiwe la Mulongwe mkononi, uligeuze: limeviringika, pembe zimepigwapigwa zikaisha, uso una vidoa vya kugongana na wenzake. Halina upande uliosagwa ukawa bapa, wala mikwaruzo inayokwenda njia moja. Ni jiwe lililobingirika. Shtaka dhidi ya barafu linaanguka.

Lakini linaanguka kwa barafu ya juzi tu. Ya kale ni hadithi nyingine, na hapa ndipo jiolojia ya Kivu inaponoga.

Katika miamba mikongwe ya Itombwe, iliyokunjwa na kupashwa joto ardhini hadi kubadilika, wanajiolojia wameeleza matabaka ya mawe ya kila ukubwa yaliyonaswa katika tope lililogeuka mwamba. Wapo wanaoyasoma kama masalio ya enzi ya barafu ya mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na wanayalinganisha na matabaka ya aina hiyo yanayojulikana Katanga, kwenye nchi ya shaba. Wakati huo hapakuwa na ziwa, wala bonde la ufa, wala mnyama wa nchi kavu, wala mti.

Kisha, miaka kama milioni 300 iliyopita, barafu ilikuja tena, na safari hii ushahidi ni mwingi. Bara letu lilikuwa limeshikamana na Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika, na sehemu yake ya kusini ilikuwa karibu na ncha ya kusini ya dunia. Ukitoka Uvira kwenda kusini, kupita Baraka na Fizi, hadi Kalemie, unafika mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Chini ya matabaka ya Lukuga kuna mchanganyiko ulioachwa na barafu, na mwamba wa mabamba membamba uliotokana na tope lililotulia katika maziwa ya maji yaliyoyeyuka. Juu yake, hali ya hewa ilipopata joto na mimea kuota, ndipo yalipokaa makaa ya mawe ambayo wakoloni waliyachimba karibu na Albertville, Kalemie ya leo. Huko Walikale nako, mjiolojia Nicolas Boutakoff alieleza masalio ya barafu ya enzi hiyo hiyo, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1948. Mtu anayeuza mihogo sokoni Walikale anatembea juu ya nchi iliyowahi kufunikwa na barafu.

Inawezekana kabisa, basi, kwamba baadhi ya mawe yanayobingirishwa na mito ya Mitumba leo yamewahi kusafiri ndani ya barafu, yakazikwa, yakageuka sehemu ya mwamba, mwamba ukanyanyuliwa ukawa mlima, na mvua ikaja kuyang'oa upya.

Aliyeunyanyua mlima si barafu wala maji. Ni ardhi kupasuka. Bonde la ufa la magharibi linavutwa pande mbili tangu mamilioni ya miaka. Katikati panazama, kandokando panainuka. Tanganyika limekaa katika uzamaji huo: urefu wa kilomita 670 na zaidi, kina cha hadi mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Kazi hiyo haijasimama. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitikisa ziwa, na tarehe 3 Februari 2008 Bukavu ilipata la kwake. Kila mlima unaponyanyuka kidogo, mito inapewa mteremko mpya, na mteremko ndio mtaji wa mto.

Hata hivyo barafu ya Ruwenzori, ambayo haikufika Uvira, iliugusa mji huu kwa njia ya pembeni. Baridi ile ya miaka 20,000 iliyopita ilikuja na ukame. Maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu za kaskazini, bahari zilikuwa na baridi na hazikutoa mvuke wa kutosha, na ukanda wa ziwa letu ulikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi kama 4. Tanganyika likashuka kwa zaidi ya mita 250. Fikiria ufuo wa Kavimvira hapa mjini: maji yaliondoka kabisa, mwisho wa ziwa upande wa kaskazini ukasogea mbali kusini, na mito ya Mitumba ikaendelea kukata njia yake kwenye nchi ambayo leo imezama. Mvua ziliporudi, ziwa likapanda na kufunika yote.

Halafu likapata mgeni. Zamani ziwa Kivu lilimwaga maji yake kaskazini, upande wa ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia, Kivu likajaa, na miaka takriban 10,000 iliyopita likafurika kusini. Hivyo ndivyo Ruzizi wa leo ulivyofungua njia, ukishuka kutoka mita 1,460 hivi za Kivu hadi Tanganyika. Mashamba ya Luvungi, Sange na Kiliba yanautumia uwanda ambao mto huu unaendelea kuulisha udongo, na umeme wa Ruzizi I na Ruzizi II unatokana na mwanguko huo huo. Wazungu walibishana sana juu ya mto huu. Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi Aprili 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Haikuwatosha. Ilibidi Livingstone na Stanley waje Novemba 1871 wakaone kwa macho yao kile ambacho kila mvuvi wa hapa alikuwa akikijua.

Ziwa lenyewe halijawahi kuahidi kukaa mahali pamoja. Mwaka 1876 Stanley aliikuta Lukuga, tundu pekee la kutokea maji, imezibwa na tope na matete. Maji yalipanda hadi karibu mita 10 juu ya kiwango tulichokizoea, kisha mnamo 1878 kizibo kikakatika. Mzungu mwingine, Joseph Thomson, alipofika mwishoni mwa 1879 aliyakuta maji yakitoka kwa kasi, na ziwa likashuka kwa miaka mingi. Katika miaka hii yetu limepanda tena, 2021 na tena 2024, likaingia kwenye nyumba za Uvira, likaizamisha Gatumba ng'ambo ya mpaka, na watu wakapanda mitumbwi mahali walipozoea pikipiki.

Nimelieleza ziwa kwa urefu kwa sababu ndilo linaloamua mito imwage mzigo wapi. Mto unaoshuka mlimani kwa kasi ukifika penye tambarare hupoteza nguvu ghafla, unaacha mawe yake, unajizibia njia yenyewe, kisha unahamia upande mwingine. Ukifanya hivyo kwa maelfu ya miaka, unajenga uwanja wenye umbo la upepeo, ncha yake mlimani na ukingo wake majini. Mto Kavimvira una wa kwake, Mulongwe una wa kwake, Kalimabenge hali kadhalika. Kati ya ukuta wa Mitumba na maji ya Tanganyika, ardhi bapa karibu yote ambayo mji wa Uvira umejengwa juu yake ni ya aina hiyo. Mito ndiyo iliyoileta, kwa mafuriko kama yale ya 2020, na kila futi ya udongo huo inatoka katika usiku fulani wa mvua ambao hakukuwa na mtu wa kuusimulia.

Ndiyo sababu siridhiki ninaposikia maelezo ya mafuriko yakiishia kwenye ukataji wa miti. Kweli, mlima uliopata upara hukimbiza maji haraka na kumwaga udongo zaidi. Makaa yanayopikia maharage mjini yametoka huko, na mashamba yamepandishwa kwenye miteremko ambayo jembe halikupaswa kuifikia. Miti ipandwe, na wenye ardhi juu wasaidiwe kuitunza. Lakini hata msitu ungekuwa mzima, mlima huu ungeendelea kushusha mawe, kwa sababu ufa unaunyanyua na mvua inaunyoa. Ruwenzori ilichongwa na barafu, na barafu ile inaondoka mbele ya macho yetu. Aliyetuchongea Uvira bado yuko kazini, na huja kila msimu.

Jambo la kufanya halihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Anayenunua kiwanja aombe kwanza shimo lichimbwe, hata la urefu wa mtu tu. Akikuta mchanga mzuri uliojipanga kwa matabaka, maji yalipita hapo kwa utulivu. Akikuta mawe ya kila ukubwa yamefumbatwa na tope, mto ulishafika hapo kwa hasira na hakuna sheria inayouzuia kurudi. Shimo la choo linasema hayo hayo bila kulipiwa. Ni kuangalia kilichotolewa kabla hakijatupwa.

Wanaogawa viwanja nao waache kuhesabu mkondo mkavu kama ardhi iliyo wazi. Upana ule wa Mulongwe unaoonekana Julai kama nafasi iliyopotea ndio kipimo cha mto wenyewe ukiwa umekasirika, na kila ukuta unaojengwa ndani yake unausukuma mto uende kwa jirani wa ng'ambo. Madaraja yajengwe kwa kupimia mawe yatakayopita chini yake, si maji peke yake. Daraja la chini likizibwa na jiwe moja kubwa na magogo mawili linakuwa bwawa, na bwawa hilo hupasuka juu ya mtaa. Wanaoponda kokoto mtoni wanafanya kazi ya kuupunguzia mto mzigo, wasifukuzwe ovyo, ila waelekezwe wachimbe katikati ya mkondo na waache kuzila kingo.

Mvua za kwanza huanza Septemba. Mkondo usafishwe na viwanja vikaguliwe kabla ya hapo, Julai, wakati mtoto bado anavuka bila kulowesha magoti na kila mtu anaona mawe yalipo.